Jik na dawa ya choo zisikutane

KATIKA ploti nyingi za miji yetu choo kimoja hutumiwa na jamaa kadhaa, na zamu ya kukisafisha inapofika kila mtu hutaka kionekane kimeng'aa. Humimina dawa ya choo yenye asidi, na akiona doa halijatoka huongeza Jik juu yake. Hapo ndipo hatari huanza.

Jik ni maji yenye hipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huwasha macho, huleta kikohozi na kubana kifua. Ndani ya choo kisicho na dirisha, mwenye pumu anaweza kuzidiwa upesi sana. Mkojo uliokaa nao hutoa amonia, na amonia ikichanganyika na Jik hutokea gesi nyingine inayodhuru mapafu. Kwa hivyo mwaga maji ya kutosha kwanza. Gesi ikikupata, toka nje mara moja, acha mlango wazi wala usirudi kumalizia kazi. Ukiona bado wakohoa au wahema kwa shida, nenda hospitali.

Wengi huniuliza ni dawa gani iliyo kali zaidi. Mimi ningependa waulize inahitajika wapi. Sakafu ya kila siku hutoshwa na sabuni na maji. Jik iwekewe choo, na mahali palipoingia damu, matapishi au kinyesi, hasa nyumbani mwenye mgonjwa wa kuhara. Hata hapo, vaa glavu uondoe uchafu kwanza, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini kabla haijafikia viini.

Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Ikiwa ni 3.5, vijiko 2 vikubwa (mililita 30) katika lita 1 ya maji baridi vyatosha kwa kazi nyingi. Kwa damu au matapishi, tia kipimo 1 cha Jik kwa vipimo 6 vya maji. Iache dakika 10 ndipo usuuze. Maji moto huiharibu, na iliyochanganywa jana imekwisha nguvu, imwage.

Linalonikera zaidi ni chupa ya soda. Dawa za kupimiwa mitaani hutiwa humo bila jina, na mtoto wa miaka 2 akiiona hujua jambo moja tu: ni soda. Akinywa, usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi wala mayai mabichi. Kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda. Msuuze kinywa, mpe maji kidogo kidogo ikiwa anameza vizuri, na kutafuta maziwa dukani kusikucheleweshe. Mkimbize hospitali, na chupa hiyo uichukue, ili daktari ajue alichokunywa.