Jin na toniki yangu huwa chapwa

*Nikiwachanganyia wageni jin na toniki nyumbani, ladha huwa chapwa na gesi huisha mapema. Hotelini huburudisha kweli. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga*

Jibu: Usihangaike, bila shaka tatizo ni joto na uchache wa barafu. Toniki ikiwa na joto, gesi hutoka upesi, na vipande viwili vya barafu huyeyuka mara moja vikazimua kinywaji.

Laza toniki kwenye friji usiku kucha. Jaza barafu hadi juu ya glasi, tia jin mililita 50, kisha mimina toniki mililita 150 taratibu huku umeinamisha glasi. Koroga mara moja tu. Minya ganda la ndimu juu yake ili mafuta yake yanukie. Nunua chupa ndogo za toniki. Iliyofunguliwa jana imeshapoteza gesi.

Uchungu wa toniki hutokana na kwinini. Anayetumia dawa za moyo au za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Mjamzito na dereva waandalie maji baridi ya ndimu.