Kazi ya Mkandaji wa Waendesha Baisikeli

Hapa Lobule kila mtu ajua uzito wa baisikeli iliyobeba magunia ya mihogo au makaa. Aliyeisukuma vilimani mpaka sokoni Koboko hurudi jioni, akaketi mlangoni na kujichua mashavu ya miguu. Lakini si wengi wajuao ya kuwa katika mashindano makubwa yuko mtu alipwaye mshahara kwa kuchua miguu ya wenzake. Jina lake kwa Kifaransa lina maana ya mwenye kutunza, nalo lamfaa, maana kuchua ni sehemu tu ya kazi yake. Asubuhi hujaza chupa za maji, mchana husimama kando ya njia akiwapa wapanda baisikeli vifuko vya chakula wakipita mbio, na jioni ndipo huwakanda.

Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mbio za mwisho za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, vilima juu ya vilima. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Fikirini hali ya miguu hiyo! Tena katika Tour de France mbio huwa za siku 21, hata aliyechoka leo hana budi kupanda tena kesho.

Mkandaji hutia mafuta mikononi, akaanza polepole toka kifundo cha mguu kwenda juu, upande wa moyo, kwa kufuata mwendo wa damu irudiyo. Kisha huongeza nguvu kidogo kidogo. Wapanda baisikeli hunyoa miguu, na sababu moja ni hii, nywele zisivutwe na mikono.

Wengi husema kukanda hutoa asidi ya uchovu katika misuli. Sivyo. Asidi hiyo mwili huiondoa wenyewe, kwa kadiri ya saa moja baada ya mbio. Maumivu ya kesho yake hutokana na nyuzi za misuli zilizoumia kidogo, na kukanda huyapunguza kwa kiasi tu. Mimi naona faida nyingine si ndogo: mtu aliyelala akikandwa hupumzika, naye humwambia mkandaji mambo asiyomwambia mkuu wa timu.

Kwa sababu hiyo mkandaji huaminiwa sana, na hapo ndipo penye hatari. Tarehe 8 Julai 1998 Willy Voet, mkandaji wa timu ya Festina, alikamatwa na watu wa forodha mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji, gari lake likiwa limejaa dawa zilizokatazwa. Timu nzima ilifukuzwa katika Tour de France.

Sasa jambo litupasalo sisi vijijini, ambao hukandana bila mafunzo. Jeraha bichi lisikandwe, wala mahali palipovimba baada ya kuanguka. Hasa angalieni shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kwa kukandwa lile bonge laweza kung'oka likaenda mapafuni na kumwua mtu. Mgonjwa wa namna hiyo asiguswe kwa mafuta. Apelekwe hospitali siku ile ile, akipakiwa, asiendeshe baisikeli mwenyewe.