Mvua Haingoji Pasaka

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huikariri methali hii darasani tukidhani ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Lakini huku kwetu Asumbi ina msimu wake. Sikukuu ya Pasaka huchukua siku nne, tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Ndugu hufika kutoka Nairobi, Kisumu na Mombasa, nyumba hujaa, na chai huchemka kutwa. Papo hapo, nje ya mlango, shamba nalo linadai jembe.

Msomaji mpendwa, katika makala haya nitaeleza kwa nini Pasaka na mvua hukutana, kwa nini mara nyingine hupishana, na jinsi tunavyoweza kuiadhimisha nyumbani bila kupoteza msimu. Mwishoni nimeeleza namna ya kuoka keki bila oveni. Najua wengine mtaruka moja kwa moja hadi huko, lakini hebu subirini kidogo!

Tarehe inayohama

Krismasi ni tarehe 25 Desemba, mwaka nenda mwaka rudi. Pasaka je? Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Ya mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili. Kwani nani huihamisha?

Jibu ni mwezi wa angani. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulikubaliana kwamba Wakristo wote waiadhimishe Jumapili moja. Kanuni iliyokuja kufuatwa ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya kanisa. Kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Kati ya Pasaka ya mapema kabisa na ile ya kuchelewa kabisa kuna siku 34. Ziweke akilini siku hizo, tutazihitaji.

Masika yetu

Katika vitabu vya Ulaya, Pasaka huja na majira ya kuchipua: theluji imeyeyuka na miti inatoa majani mapya. Ndiyo maana utaona mwanafunzi wa huku akiandika kwenye insha kwamba "baridi kali iliisha na maua yakachanua Pasaka ilipofika". Baridi gani hiyo, jamani? Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Majira yetu hayapimwi kwa baridi na joto bali kwa mvua na ukavu.

Kiswahili kina maneno ya kutosha: masika ni mvua za Machi hadi Mei, kipupwe ni wakati wa baridi baada yake, vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka, na kiangazi ni ukavu. Kwa Kijaluo tuna chwiri kwa mvua kubwa, opon kwa mvua ndogo na oro kwa ukavu.

Hata hivyo, jua ni lile lile. Karibu na tarehe 21 Machi jua la mchana huwa wima juu ya ikweta. Huko Ulaya siku hurefuka na mimea huchipua. Huku kwetu ardhi hupata joto, hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu yakajikusanya na mvua ikanyesha. Sababu ni moja, majira ni mawili. Anayeandika juu ya Pasaka ya Asumbi na aandike tope, radi na harufu ya udongo uliolowa. Hayo ndiyo machipuko yetu.

Mbegu na mgeni

Sasa turudi kwenye zile siku 34. Katika mila ya Wajaluo kuna desturi iitwayo golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Mwenye boma na mkewe ndio huanza kupanda, kisha wengine hufuata kwa mpangilio wa ukubwa. Mdogo hamtangulii mkubwa. Desturi hii huleta heshima na utaratibu bomani. Lakini je, mwenye boma akiwa kazini mbali?

Hilo lilitupata nyumbani. Baba anafanya kazi Mombasa. Mwaka mmoja Pasaka iliangukia nusu ya pili ya Aprili, naye akasema atakuja sikukuu, apande kisha arudi. Mvua ilianza Machi. Mama akaangalia shamba, akaangalia simu. Nyanya aliniambia, "Nyakwara, mvua haina simu." Baba alifika usiku wa Alhamisi Kuu akiwa na mkate, sukari na nguo mpya za wadogo zetu. Tulifurahi sana. Jumamosi tulipanda, majirani wakiwa tayari wanapalilia mara ya kwanza. Mvua ilikatika kabla mahindi yetu hayajajaza punje. Ghala lilikuwa tupu kabla ya Krismasi, na mahindi ya kununua yakala karo ya shule.

Baba hakuilaumu mila wala Pasaka. Alisema, "Kosa ni langu, nilizihesabu siku za likizo badala ya siku za mvua." Mwaka uliofuata alikuja kwa basi mwezi wa Machi, akalala usiku mmoja tu, akapanda pamoja na mama na kurudi kazini. Nauli mara mbili si mchezo, kwa hiyo Pasaka hiyo hapakuwa na nguo mpya. Alipokuja tena sikukuu, nyanya alimhesabia siku mbili za ugeni. Siku ya tatu akampa jembe la palizi. Tulicheka sana, baba akacheka zaidi.

Yapo maboma ambayo siku hizi huanza kupanda kwa sala, na waumini wengine hupeleka mbegu kanisani zibarikiwe. Sioni ugomvi hapo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 12, Yesu anatumia mfano wa punje ya ngano inayoanguka ardhini ili izae. Aliyetoka kupanda huelewa mfano huo upesi anapokesha Jumamosi Kuu na kuuona mshumaa wa Pasaka ukiwashwa gizani.

Meza ya chai

Tukishatoka kanisani, meza hutandikwa. Itazame meza hiyo kama mwanafunzi wa lugha. Meza ni neno la Kireno. Sukari ni la Kiarabu. Keki ni la Kiingereza. Chai ilianza safari yake Uchina. Pasaka lenyewe lina asili ya Kiebrania. Hapa Kenya mche wa chai ulipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na leo majani yetu hutoka jirani tu, nyanda za Kisii na Kericho. Kabla ya hapo, mgeni wa boma la Kijaluo alikaribishwa kwa uji.

Uji huo bado una kazi. Majirani zetu wengi ni Waadventista Wasabato, ambao walianzisha misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wengi wao hawanywi chai ya majani. Usimsukumie jirani kikombe ukisema, "Kunywa tu, leo ni sikukuu!" Mwekee maziwa moto au uji wa wimbi mapema, asione haya kuomba. Ukarimu ni kujua mgeni wako anakula nini.

Keki ya sufuria

Zamani Wakristo wa Ulaya hawakula mayai wakati wa Kwaresima. Kuku hawakujua hilo, wakaendelea kutaga, na kufikia Pasaka mayai yalikuwa tele. Ndipo yakaingia kwenye mikate na keki za sikukuu.

Mahitaji: unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe 1, siagi robo kilo, mayai 4, maziwa robo tatu ya kikombe, bekingi pauda vijiko vya chai 3, na ganda la limau lililokwaruzwa. Ukitumia unga unaoumuka wenyewe, usitie bekingi pauda.

Piga siagi na sukari hadi iwe nyeupe. Tia mayai moja moja ukiendelea kupiga. Chekecha unga na bekingi pauda, changanya taratibu, kisha tia maziwa na limau. Paka sufuria ndogo siagi na uinyunyizie unga. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu ndani, iweke jikoni juu ya makaa machache, kisha weka ile ndogo juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa, na juu ya kifuniko weka makaa mengi kuliko ya chini. Siri ni hiyo: moto wa chini ukizidi, keki huungua kabla ya kuiva katikati.

Usifunue kabla ya nusu saa. Viputo vya hewa vilivyoinua keki bado ni laini, na baridi ikiingia keki huzama. Baada ya dakika 45 hadi 60 choma kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, imeiva.

Na kama pesa zimekwenda kwenye mbegu? Chemsha viazi vitamu au nyoyo, pika chai, mkae pamoja. Keki inaweza kungoja mwaka mwingine. Mvua haingoji.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya masika na vuli.
2. Tumia methali "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" katika kisa kifupi cha nyumbani kwenu.
3. Muulize mzee wa boma lenu mwaka huu mlianza kupanda tarehe gani, na kwa nini.