Kwa Nini Ni Vigumu Kukiri Kosa?

Wapendwa, kwa nini kinywa ni chepesi kusema "Umekosa," bali kizito kusema "Nimekosa"? Sisi wa Isevya tunalo somo karibu, hapa Tabora, palipoitwa Kaze zamani za misafara.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika ziwa Tanganyika. Huko Uvira wenyeji walimwambia Burton ya kuwa mto Rusizi waingia ziwani, wala hautoki. Waliporudi Kaze, Speke akaenda kaskazini peke yake, akaliona ziwa Nyanza, akarudi mwezi wa Agosti akisema ndilo chanzo cha Nile.

Burton hakusadiki. Shaka yake haikuwa kosa, maana Speke aliona upande mmoja tu wa ziwa. Lakini mwaka 1864 Burton alitangaza ya kuwa Nile yatoka Tanganyika kwa Rusizi, akiliacha neno alilolisikia mwenyewe. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaufikia mto ule, wakaona maji yaingia ziwani.

Basi, Burton hakupungukiwa na akili wala habari. Ila kukubali kungalimpa mwenziwe sifa, nao walikwisha kugombana mbele ya watu. Nasi vivyo hivyo: twadhani twatetea kweli, kumbe twatetea heshima yetu.

Mfalme Daudi, alipoonywa na Nathani, hakutafuta udhuru (2 Samweli 12:13).

Tuulizane: Ni neno gani tulilokwisha kuambiwa, nasi twalikataa kwa sababu ya yule aliyelisema?