Ibada ya Pasaka makaburini: fika kabla hakujapambazuka

Mwaka 1732, alfajiri ya Pasaka, vijana wa kiume wa Herrnhut, kijiji cha Wamoravian mashariki mwa Ujerumani, walipanda kilima cha Hutberg wakaimba katikati ya makaburi ya ndugu zao. Ushirika mzima ukaja kuifuata desturi hiyo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo Wamoravian wa Tanzania huianza Pasaka makaburini.

Kama unakwenda kwa mara ya kwanza, zingatia saa kuliko jambo jingine lolote. Mwezi Aprili jua huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi Dar es Salaam, na Mbeya ni saa 1 kasorobo hivi. Muulize mzee wa kanisa ibada inaanza saa ngapi, kisha fika robo saa kabla. Anayefika kumeshakucha atazikuta nyimbo na tarumbeta, lakini atakuwa amekosa kile kipindi cha kusimama gizani pamoja na wengine, na kwangu hicho ndicho kiini cha ibada yenyewe.

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, masika yamepamba moto. Rungwe mvua haina mzaha, na baridi ya alfajiri huingia mifupani. Vaa viatu vya kukanyaga tope, sweta, na koti la mvua. Mwavuli humziba aliye nyuma yako. Mama mzee mchukulie kigoda, mtoto mfunge kitenge cha pili. Tochi imulike chini. Tembeeni kwa kundi, mpite kwenye vijia, msikanyage makaburi. Ukiweza, nenda Jumamosi ukapalilie kaburi la wako, maana gizani magugu na shimo havionekani.

Ukiwa umesimama pale, wakumbuke wanawake wa Injili waliokwenda kwenye kaburi la Yesu. Hawakuondoka nyumbani kwenda kushangilia. Marko anaeleza kwamba walikwenda na manukato ya kumpaka marehemu, njiani wakiulizana ni nani angewaondolea lile jiwe zito la mlangoni pa kaburi. Katika Yohana, Mariamu Magdalene anafika giza halijaondoka, analia, na hata Yesu anaposimama mbele yake anamdhania mtunza bustani. Hakumtambua kwa sura. Alimtambua alipoitwa kwa jina lake.

Mimi hushikilia hapo. Imani ya Pasaka ilianza kwa watu waliokuwa bado wanaomboleza, wenye maswali mazito na macho yaliyovimba kwa kulia. Basi usijilazimishe kuonyesha furaha ambayo haijafika. Ukishindwa kuimba, nyamaza. Walio kando yako watakuimbia. Na kama wewe si Mmoravian, au hujui unasimama wapi na Mungu, nenda vilevile. Simama wanaposimama, sikiliza. Simu izime kabisa, kwa maana mwanga wake humfikia hata yule aliyekuja kulia kimya kimya.

Aliyefiwa karibuni asiachwe peke yake. Liturgia ya Pasaka ya Kimoravian inawakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita, na mahali pengine majina yao husomwa. Jina la mume au la mtoto likitajwa mbele ya umati, magoti huweza kuishiwa nguvu. Ndugu mmoja asimame bega kwa bega naye, tena awe mtu asiyeharakisha kumwambia mwenzake anyamaze.

Kwa hiyo wiki ya kuelekea Pasaka, kabla ya Ijumaa Kuu, pita ofisi ya ushirika uulize kama majina yatasomwa. Andika la marehemu wako kwa herufi kubwa, jina la ubatizo na la ukoo, kisha mwombe atakayesoma alitamke mbele yako. Akikosea, mrekebishe hapo hapo, mpaka alitamke kama mlivyokuwa mkimwita nyumbani.