Mbwa, Watoto na Msitu wa Karura: Majibu ya Mpiga Picha

Tangu nilipoingia katika kazi ya kupiga picha za mbwa msituni, kazi ambayo wazee wangu wa Mombasa hawakuihesabu kuwa kazi, barua nizipokeazo aghalabu huanza na kamera na kuishia na saa: watu wana mbwa, wana watoto, wana hata lenzi nzuri, lakini wasaa hawana. Kwa kuwa maskani yangu sasa ni Nairobi, na msitu niujuao kwa nyayo zangu ni Karura, majibu yote haya yamefungamana na mahali hapo. Msomaji aliye Arusha au Mombasa atapima mwenyewe lipi limfaalo.

Swali: Mimi na mke wangu twafanya kazi, Jumamosi watoto wana masomo ya ziada, Jumapili ni ibada na wageni. Wasaa wa kwenda msituni tuupate wapi?

Hamtaupata, maana wasaa haukai pahali ukingoja kuokotwa. Hukatwa, kama fundi akatavyo kitambaa, na lazima upande mmoja upungue. Ila nyinyi mna mbwa, na hiyo ni bahati msiyoitambua. Mtoto ukimwambia kesho, atanuna kisha atasahau; mke ukimwambia kesho, atakuwia radhi kwa kuwa naye ana kesho zake; lakini mbwa hana kesho, na kukipambazuka husimama mlangoni akikutazama wewe na kamba yake kwa zamu, mpaka haya ikushike. Maadamu mnyama huyo hana budi kutembezwa, safari ya familia na ipandishwe juu ya saa ambayo mbwa amekwisha kuidai.

Tena sisi tulio karibu na Ikweta tumejaaliwa jua lisilobadili mwenendo: huchomoza karibu na saa 12 na nusu mwaka mzima, basi miadi iliyowekwa Januari haivunjwi na Juni. Chagueni Jumapili moja katika mbili; fikeni langoni mapema, tembeeni saa moja na nusu, mrudi nyumbani mkaoge na kwenda ibadani. Wala msitake kuumaliza msitu. Karura una hekta zipatazo 1,000 na zaidi ya kilomita 50 za njia, na familia nilizoziona zikikata tamaa ni zile zilizotaka maporomoko, mapango na ziwa katika asubuhi moja, hata mtoto mdogo akabebwa mgongoni huku analia, na baba akaapa kwamba harudi tena. Mwezi wa Julai chukueni sweta, kwa kuwa ukungu wa Nairobi hauna huruma kwa mtoto aliyesimama akingoja babake amalize kupiga picha.

Swali: Je, mbwa aweza kufunguliwa kamba, picha ipendeze?

La. Kanuni ya Karura ni kwamba mbwa awe kambani, na kanuni hiyo ina maana yake: humo mna pongo, mna funo, mna kima, na mna mbega walioletwa kutoka pande za Kipipiri ili wapate tena makao. Nami nasema haya kwa kuwa nimekwisha kuaibika. Asubuhi moja niliacha ukanda wa shingo wa mbwa wangu umelegea, nikakisikia kichaka kikitikisika ilhali jicho langu limo ndani ya kamera. Nilipoinua kichwa, nilikuwa nimeshika kamba yenye ukanda mtupu. Tulimtafuta kwa muda wa dakika 40, mwanangu akiita jina lake kwa sauti ambayo sijaisahau, na mbwa alipotokea, ulimi nje, hapakuwa na hata mmoja wetu aliyetaka picha. Tangu siku hiyo sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba mwenye kamera hashiki kamba.

Swali: Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Lamu. Apenda kutembea nasi, lakini hataki kuguswa na mbwa. Tufanyeje?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, kwa kuwa nimekulia katika nyumba kama hiyo. Madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, yahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda hakukatazwa. Basi usidhani kwamba mama ana chuki na mnyama. Ana tohara yake ya kuihifadhi, na sala ya adhuhuri i mbele yake. Mpe yeye heshima ya kutangulia, ashike mkono wa mjukuu. Mbwa aje nyuma hatua kumi, kwa kamba fupi, mkononi mwa mtu mzima. Bakuli la maji la mbwa lisitiwe katika kikapu kimoja na chai ya mama. Na wewe mwenye kamera, usione kwamba umenyimwa picha. Moja katika picha nizipendazo ni ya bibi mwenye buibui akitembea katikati ya mianzi, na mbwa wa rangi ya mchanga akimfuata kwa mbali kwa adabu zote. Lau wangalikuwa wamesimama pamoja, ingalikuwa picha ya kawaida.

Swali: Mbwa wangu ni mweusi. Msituni hutoka kama kivuli, au kama majivu.

Chini ya miti kamera hudanganyika. Hupima mwanga wa pande zote, ikaona giza, ikaongeza. Hapo mbwa mweusi hutoka kijivu, na mweupe huungua mpaka manyoya yake yasihesabike. Kwa simu, gusa kioo penye jicho la mbwa, kisha teremsha kidole mwangaza upungue kidogo. Kwa kamera, tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uende upande wa kutoa. Mbwa mweupe akijaza picha nzima, hukumu hugeuka, uongeze. Yakimbie madoa ya jua yapenyayo majanini, kwa kuwa humtia mbwa mabaka asiyozaliwa nayo. Mpeleke penye kivuli kilicho sawa, ukingoni mwa njia, uso wake ukielekea uwazi, ili weusi wa macho upate nuru ndani yake.

Kuhusu mwendo, mbwa atembeaye polepole yamtosha sehemu moja ya 250 ya sekunde. Akirukaruka, usiende chini ya sehemu moja ya 1,000, na ikiwa picha itatoka na punje kwa sababu ya uhaba wa mwanga, na zitoke.

Swali: Hanitazami kabisa, na watoto huchoka kungoja.

Elliott Erwitt, mpiga picha wa Marekani aliyezaliwa Paris mwaka 1928 na kufariki mwaka 2023, alikuwa na ada ya kuwabwekea mbwa ili wamgeukie. Picha yake mashuhuri ya New York ya mwaka 1974, yenye mbwa mdogo mwenye kofia kando ya viatu vya bibi na miguu mirefu ya mbwa mkubwa, imepigwa kamera ikiwa karibu na ardhi; na hilo la kuinama ni la kuigwa zaidi kuliko la kubweka. Piga goti, jicho lako liwe sawa na lake, ulenge jicho lililo karibu nawe.

Ama watoto, wape kazi. Mmoja asimame nyuma ya bega lako na biskuti, apige mluzi mara moja tu, kwa kuwa mluzi wa tatu mbwa haujali. Kamera na ikae mfukoni nusu saa ya kwanza. Kisha piga kumi, uirudishe. Mtoto aliyeambiwa ni kumi huzihesabu kwa sauti, nawe utaona aibu kupiga ya kumi na moja.

Swali: Na kupe?

Kabla ya kuingia garini, mpapase masikioni, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Homa ya kupe huua mbwa, na dawa ya kinga huuzwa kwa daktari wa mifugo.

Swali: Mbwa wetu amezeeka, hawezi tena kutembea mbali. Tumwache nyumbani?

Mchukueni, pamoja na mkeka. Njia panda za Karura zimetiwa namba juu ya nguzo. Chagueni nguzo moja isiyo mbali na maegesho, mketi hapo, mbwa alale, watoto wacheze huku na huku wakimrudia. Mbwa mzee ndiye rahisi kumpiga picha kuliko wote, kwa kuwa hana haraka, na mvi za mdomoni mwake hupendeza penye mwanga wa saa 1 na nusu. Pigeni picha pale pale kila mara, mtoto akisimama kando ya nguzo. Kisha zichapisheni kwa karatasi, mwandike nyuma tarehe na namba. Sisi tunazo saba za namna hiyo. Katika nne za kwanza mbwa yumo, na katika ya saba mtoto amekwisha kuipita nguzo kwa kichwa.