Dickens Anatuhusu Nini?

Katika semina za fasihi ya Kiingereza hakosekani mwenzetu wa kuuliza: hivi vitabu vya Waingereza wa karne ya 19, mtu wa Kibosho au Marangu vinamhusu nini? Tusimcheke. Swali ni zuri, na yupo Mwafrika Mashariki aliyelifanyia kazi kwa miaka mingi.

Simon Gikandi alizaliwa mwaka 1956 huko Nyeri, Kenya. Naye ni mtoto wa mlimani, ila wao mlima wao ni Mlima Kenya. Alisoma fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Edinburgh, kisha akapata udaktari wake Northwestern, Marekani. Tangu 2004 anafundisha Princeton. Mwaka 2019 alikuwa rais wa Modern Language Association, chama kikubwa cha walimu wa lugha na fasihi nchini Marekani.

Kitabu chake kinachotugusa zaidi ni Maps of Englishness (1996). Hoja yake ni kwamba Uingereza haikujitengeneza kwanza kule kwao, halafu ndipo ikaja kututawala. Uingereza wenyewe ulijengwa kwa kujipima na makoloni.

Mfano upo. Mwaka 1865 watu weusi wa Morant Bay, Jamaika, waliasi. Gavana Eyre akawazima kwa kuua mamia. Kule Uingereza wasomi wakagawanyika: Carlyle na Dickens upande wa gavana, John Stuart Mill na Darwin wakitaka ashtakiwe. Kwa hiyo ukimsoma Dickens ukaiacha Jamaika, umesoma nusu.

Na sisi je? Mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwenyeji aliyemwongoza njia aliuita weupe ule "baridi" tu. Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akakataa katakata: eti theluji karibu na ikweta haiwezekani! Aliamini vitabu vyake kuliko macho ya waliofika.

Basi, mlima tunaouona kila asubuhi ukifunguka mawingu umo ndani ya maandishi hayo hayo tunayosema hayatuhusu. Tukiyaacha, tutakuwa tumewaachia wengine watusome peke yao. Kwa hiyo, ndugu zangu, tusiishie kukariri desa ili tuvuke mtihani. Ukifungua riwaya ya wakati ule, jiulize: sukari ya chai hii imelimwa na nani? Na yule mwongoza njia, mbona hatajwi jina?